Flashi inawaka, picha mbovu: kutafuta kosa kwenye DSLR yako ya kwanza

Korosho zikishalipwa, Mtwara na Lindi harusi hazibakizi Jumamosi. Huo ndio wakati vijana wengi hununua DSLR ya kwanza, ile kamera ya kubadilisha lenzi, mara nyingi iliyokwishatumika, na lenzi yake ya 18-55 (milimita: kwenye 18 inaona pana, kwenye 55 inavuta karibu). Wiki ya pili naletewa: "Mjomba, wameniuzia mbovu hii." Naiwasha, natazama gurudumu la modi, napiga mbili tatu ukutani, namrudishia mwenyewe. Mara nyingi kamera ni nzima. Kosa lilikuwa kwenye modi, au pale alipokuwa amesimama.

Nimepanga kwa dalili, yaani kile unachokiona kwenye picha. Chini ya kila dalili, sababu inayotokea mara nyingi ndiyo ya kwanza. Anza nayo hata kama unahisi haikuhusu.

Haya kwanza, kabla ya kulaumu chochote

Chaji betri ijae. Kisha tafuta fidia ya mwanga, ule mstari wenye alama za kujumlisha na kutoa, uirudishe sifuri. Kwenye kamera zilizotumika huyu ndiye mchawi: mwenyewe wa kwanza kaiacha kwenye -2, na kamera nyingi huibakiza hapo hata ukizima. Ukishindwa kujua kilichoguswa, ingia kwenye menyu urudishe mipangilio yote ya kiwandani. Picha zilizo kwenye kadi hazifutiki kwa hilo.

Jambo moja la kushika, maana karibu dalili zote zinarudi hapo. Ukipiga na flashi unapiga kwa mianga miwili kwa pamoja: mwanga uliopo mahali (taa za ukumbi, jua, moto) na mwanga wa flashi. Flashi huwaka na kuzima kwa kitambo kifupi sana, mara nyingi chini ya 1/1000 ya sekunde, kwa hiyo shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, ikae wazi kidogo au sana, flashi haijali. Shata inaamua mwanga wa mahali tu. Tundu la lenzi, ile namba ya f (namba ikipanda, tundu linapungua), na ISO, yaani wepesi wa kamera kuupokea mwanga, vinaamua mianga yote miwili. Umbali unaamua flashi peke yake, na unaiadhibu vikali: ukirudi mara mbili ya umbali, mwanga unaofika ni robo.

Dalili: sura inaonekana, nyuma yote ni giza tororo

Picha ya ukumbini. Bibi harusi anang'aa, lakini mapambo yaliyolipiwa mamilioni hayaonekani, kama mtu alipigwa usiku porini.

Sababu kubwa ni modi ya Auto au P, ambazo kamera yenyewe huchagua shata na tundu. Flashi ikiinuka, kamera katika modi hizo haishushi shata chini ya 1/60 hivi, inaogopa utatikisa mkono. Taa za ukumbi haziwahi kuingia. Sababu ya pili ni ISO 100 au 200. Ya tatu ni kuwa kwenye M, modi ambayo shata na tundu unachagua mwenyewe, na shata ya 1/200 uliyoikariri mahali.

Dawa: weka M, shata 1/60, tundu f/4, ISO 800. Flashi iache kwenye kujipima yenyewe. Watu wengi hawajui kwamba kwenye M flashi ya kamera bado inajipima. Piga. Nyuma bado giza? Panda ISO 1600. Bado? Shusha shata 1/30 na uwaambie maharusi watulie. Chini ya hapo, mtu akicheza ataacha mkia wa mwanga nyuma yake. Kwenye ngoma usiku mimi naupenda mkia huo. Kwenye picha ya kukata keki hapana.

Lenzi hii ya kawaida haifungui f/4 ukivuta karibu. Ikifika 55 inafunga hadi f/5.6 bila kukuuliza. Ukitaka taa za nyuma zionekane, piga ukiwa kwenye 18 hadi 24 na usogee kwa miguu.

Dalili: wa mbele wameungua, wa nyuma hawaonekani

Picha ya ukoo mzima, mistari mitatu. Watoto wa mbele weupe kama unga, mashangazi wa nyuma vivuli. Hapa kamera haina kosa hata kidogo. Mstari wa mbele uko mita moja na nusu kutoka kwako, wa nyuma mita tatu. Wa nyuma wanapata robo ya mwanga wa wa mbele, na hakuna modi itakayowasawazisha.

Rudi nyuma. Ukisimama mita nne, wa nyuma wakawa mita tano na nusu, tofauti inapungua hadi karibu nusu, na hiyo inavumilika. Ila sasa flashi inatakiwa ifike mbali, na flashi ndogo ya kujiinua ina nguvu kidogo kuliko watu wanavyodhani. Nyingi zina namba ya nguvu kati ya 9 na 13. Gawanya namba hiyo kwa f yako, unapata mita inazofika kwa ISO 100. Chukua flashi ya 12 kwenye f/5.6:

ISO 100: kama mita 2
ISO 400: kama mita 4
ISO 1600: kama mita 8 na nusu

Ndiyo maana anayekaa nyuma ya ukumbi na kulipua flashi kwenda jukwaani anapata migongo ya waliokaa mbele yake iking'aa na jukwaa jeusi. Vivyo hivyo ukiingia Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, kati ya zile nguzo na kuba za mawe ya matumbawe, flashi itaangaza nguzo ya kwanza tu. Pale izime kabisa, weka Av (wewe unachagua tundu, kamera inachagua shata) na f/8, kamera kwenye stendi, iache ijichukulie muda wake.

Dalili: flashi imewaka, lakini picha imetikisika

Hili nalieleza kwa urefu kwa sababu lilinigharimu. Harusi Mikindani, saa moja usiku, uani, taa mbili za manjano zimefungwa kwenye mwembe. Wiki hiyo nilikuwa nimejifunza kwamba "wataalamu hutumia Av," basi nikaweka Av, f/5.6, flashi juu. Kwenye skrini ndogo kila kitu kizuri. Nyumbani kwenye kompyuta, bibi harusi ana nyusi nne. Sura kali iliyochorwa na flashi, na juu yake sura ya pili ya manjano, imesogea kidogo kushoto. Picha nzima za kuvishana pete, zote hivyo. Mama yake akaniuliza kwa upole kabisa, "Mwanangu, hizi ndizo za majaribio?"

Kilichotokea ni hiki. Kwenye Canon, modi ya Av huichukulia flashi kama nyongeza tu. Inapima mwanga wa nyuma, inaona giza, inaiacha shata wazi nusu sekunde, sekunde nzima, zaidi. Flashi inawaka na kuchora sura, kisha shata inaendelea kukaa wazi huku mtu anapumua, na taa za manjano zinachora tena. Nikon kwenye A, ambayo ndiyo Av yao, kwa kawaida hubaki 1/60, isipokuwa kama umechagua flashi yenye neno SLOW.

Ukaguzi wa bure ni masikio. Bonyeza usikilize. Shata ya haraka inasema "kla" mara moja. Ukisikia "kli", kimya, halafu "kla", picha hiyo imetikisika, usingoje kuiona.

Dawa, kuanzia rahisi: toka Av uende P, picha itatulia ingawa nyuma patakuwa giza. Au nenda M kama nilivyoeleza juu. Au, kama unang'ang'ania Av, ingia kwenye menyu utafute mpangilio wa kasi ya flashi katika Av. Kuna chaguo la kati ya 1/200 na 1/60, chagua hilo.

Ikitikisika hata mchana bila flashi, kwenye shata ya 1/250 na zaidi, tatizo ni jingine: swichi ya lenzi iko kwenye MF, yaani fokasi ya mkono, au unafokasi begani badala ya jichoni. Na kama fokasi inasaga kwa sauti ya mchanga, acha kuizungusha. Mchanga wa Msimbati ukiingia kwenye lenzi, kila ukizungusha unasaga meno ya ndani. Mpelekee fundi.

Dalili: flashi haiwaki kabisa

Modi kwanza. Kwenye P, Av, Tv (wewe unachagua shata, kamera inachagua tundu) na M flashi haijiinui, unabonyeza kitufe chenye alama ya radi. Kwenye Auto inajiinua yenyewe ikiona giza. Modi ya mandhari, na ile ya alama ya radi iliyokatwa mstari, haziwashi flashi kwa makusudi. Nimekutana na mtu aliyetaka kurudisha kamera dukani kwa ajili hiyo.

Kisha subira. Baada ya kupiga, flashi inajaza umeme upya, na alama ya radi kwenye kioo cha kutazamia inapepesa mpaka ijae. Ukipiga mfululizo wakati watu wanatunza pesa, inachelewa zaidi na zaidi, halafu inagoma ipoe. Iache dakika kadhaa. Betri ikiwa imelegea huanza kugomea flashi kabla ya kugomea picha.

Flashi ya nje: ichomoe, irudishe mpaka ifike mwisho wa reli, kaza. Futa vituo vya chuma vya pale juu kwa kitambaa kikavu. Hewa yetu ya bahari ina chumvi, na kamera iliyolala miezi mitatu bila mfuko hufanya ukungu wa kijani pale. Betri zake za AA ziwe nne za aina moja na umri mmoja, usichanganye mpya na zilizotoka kwenye rimoti.

Ujumbe wa Err 05 kwenye Canon maana yake flashi ilizuiwa kuinuka. Angalia kama mkanda au kofia yako imeikandamiza, pulizia bawaba kwa kile kipira cha kupulizia vumbi. Usipulizie kwa mdomo, mate yana maji.

Hapa ndipo pa kusimama. Usifungue kifuniko cha flashi, iwe ya ndani au ya nje, hata betri ikiwa nje. Ndani kuna kapasita inayobeba volti 300 hivi, na umeme huo unaweza kukaa humo muda mrefu baada ya kuzima. Hakuna bisibisi ndogo ya fundi simu inayoujua. Vilevile ukisikia harufu ya kuungua, au flashi inalipuka yenyewe bila kubonyezwa, zima, toa betri, peleka kwa fundi wa kamera, siyo wa redio. Na flashi ya zamani ya kamera za filamu uliyoikuta kabatini kwa babu, usiipandishe juu ya DSLR kabla fundi hajaipima. Baadhi yake hurudisha volti zaidi ya 200 kwenye mguu wa flashi, pale inapogusana na kamera, na kuua kamera papo hapo.

Dalili: sehemu ya picha ni nyeusi

Tazama umbo la weusi. Ukiwa nusu duara chini katikati, ni kivuli cha kofia ya lenzi au lenzi ndefu iliyoziba flashi ndogo. Vua kofia, au vuta kidogo kutoka 18. Ukiwa mstari ulionyooka kama pazia lililoshushwa, shata yako imepita kasi ambayo flashi inaiweza. Kwenye kamera nyingi za kuanzia mwisho ni 1/200. Flashi ya ndani haitakuruhusu upite hapo, ila flashi za bei nafuu na vichochezi vya redio, vya kuwasha flashi iliyo mbali, havina mazungumzo na kamera, vinakuacha upige hata 1/1000. Rudi 1/160 uwe salama.

Mstari ukibaki hata bila flashi, kwenye shata zote za haraka, basi pazia la shata limechoka. Usiliguse kwa kidole wala pamba, ni jembamba kuliko karatasi. Muulize fundi bei kabla hajafungua. Kwa mwili wa zamani mara nyingi kununua mwingine ni nafuu.

Dalili: sura nyeusi ufukweni, kanzu nyeupe imekuwa kijivu

Kipimo cha kamera hakijui kanzu wala bahari. Kinachotaka ni wastani uwe kijivu cha kati. Ukiijazia fremu nyeupe ya shela, inaona mwanga umezidi, inapunguza, na shela inatoka kijivu huku sura ya bibi harusi ikizama. Ukiijazia suti nyeusi za wasimamizi, inaongeza, sura zinaungua. Kwa watu wenye ngozi nyeusi kama sisi kosa la kwanza ndilo linaloumiza: maji meupe ya Shangani nyuma, na mbele mtu asiye na macho wala pua.

Ukiwa P, Av au Tv, panda fidia ya mwanga hadi +1, piga, tazama sura siyo bahari. Sura ikiwa bado nzito, +1 na theluthi mbili. Anga litapauka kidogo, anga halikukulipa. Bado huridhiki, badili kipimo kiwe cha katikati, elekeza kwenye shavu, shikilia kitufe cha kufunga mwanga, halafu panga picha.

Watu huchanganya fidia ya mwanga na fidia ya flashi. Ni vitu viwili vyenye alama zinazofanana. Ya flashi ina radi pembeni. Ukumbini, sura ikiungua na nyuma ni sawa, shusha ya flashi hadi -1. Usiguse ile nyingine.

Saa sita mchana jua liko utosini na kila jicho ni shimo. Flashi inasaidia, kwa masharti. Jua kali kwa ISO 100 na shata 1/200 linataka f/11. Gawanya 12 kwa 11: flashi yako ndogo inafika mita moja tu. Kama nyongeza ya kulainisha vivuli, labda mita moja na nusu. Kwa hiyo ni ya picha ya kifua na sura, mkaribie mtu. Kwa picha ya mtu mzima hadi miguu usihangaike, waingize chini ya mkorosho, kivuli chake ni kipana na laini, kisha angalia majani yasiachie madoa ya jua kwenye paji la uso. Au ngoja saa kumi na moja.

Dalili: sura zina rangi ya ajabu

Turubai. Chini ya turubai la bluu kila mgeni anaonekana mgonjwa, na ukielekeza flashi ya nje juu ili mwanga urudi, unarudi na bluu hiyo hiyo. Elekeza juu penye dari jeupe tu. Chini ya turubai piga moja kwa moja, au muombe mtu ashike kanga nyeupe pembeni, flashi igonge hapo. Sura sawa lakini nyuma ni rangi ya chungwa? Hiyo ni tofauti ya taa na flashi, mimi huiacha, inaleta joto la nyumbani.

Macho mekundu: flashi iko karibu mno na lenzi na mtu kakutazama gizani. Washa taa zaidi, au aangalie bega lako. Imetosha.

Dalili: picha zote zina moshi mweupe

Umetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi ukaingia kwenye joto la Lindi. Kioo kimetoa jasho. Usifute na usibadilishe lenzi, subiri nusu saa kamera ikiwa ndani ya mfuko wake. Ukungu usipoondoka baada ya saa nyingi, mulika tochi ndani ya lenzi: ukiona nyuzi kama utando wa buibui, hao ni kuvu, wanaopenda unyevu wetu. Kusafisha ni kazi ya fundi, na lenzi hiyo usiiweke mfuko mmoja na nzima. Vile vifuko vya kukausha unavyokuta kwenye maboksi ya viatu, vitunze, viweke kwenye mfuko wa kamera.

Kamera ikilowa maji ya bahari, kwenye kivuko cha Msanga Mkuu au popote, usiiwashe "kuona kama inafanya kazi". Ndicho kinachoiua. Toa betri na kadi sekunde hiyo hiyo, ifute nje, ipeleke kwa fundi siku hiyo. Mchele hautoi chumvi, unaacha vumbi. Ukifika mwambie fundi ukweli kwamba ni maji ya bahari, siyo mvua, kwa sababu anachoanza kukifanya hutegemea hilo.